Kiti cha Muturi

Watu wa Kitengela wakiniona nikipita na gari ya marehemu mume wangu, ile Pijo kuukuu, mto mkubwa nyuma ya mgongo umenisukuma mbele kama mtoto aliyebebwa, wanacheka. Wacheke. Mimi Mugure ni mfupi na sijaficha. Muturi alikuwa mrefu, mtu wa kuinamia kila mlango, na kiti cha dereva kiko pale pale alipokiacha yeye, nyuma kabisa. Bila mto sifikii breki. Na hata nikiwa na mto, nakanyaga kwa ncha ya kiatu tu, na mgongo unaniuma kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Kijana wangu Lennox akija kutoka Ngong huniuliza, "Mum, si usogeze tu hicho kiti?" Namwambia anywe chai anyamaze.

Si kichaa changu peke yangu. Sisi wenye magari ya zamani tuko na chama hapa Kitengela, na chama kiko na mila zake. Ya kwanza, kabla ya safari kila mtu anaweka kiganja juu ya bonneti ya gari yake na kuitaja ni ya nani. "Hii ni ya Okoth." "Hii ni ya Lemein." Ya pili, mmoja wetu akifa, gari yake haitoki nje ya chama, na kiti chake hakisogezwi wala kioo cha ndani hakiguswi. Anayerithi ataendesha vile vile, na akiweka kiganja atataja jina la marehemu. Aliyetuletea mila hizo ni Muturi mwenyewe, siku tulipomzika mzee Kahiga wa Datsun. Nani angejua zitanirudia mimi?

Muturi alikufa barabarani, hapo mbele kidogo ya Isinya. Ng'ombe walikuwa wanavuka, naye hakuwahi kuwapigia ng'ombe honi. Aliweka gari kando, akazima injini, akavuta breki ya mkono, na moyo ukasimama akiwa amekaa hapo. Ng'ombe walishamaliza kuvuka kitambo watu walipogundua kwamba yule mzee haondoki.

Basi sasa nisemeje? Ndani ya ile Pijo siko peke yangu. Muturi alikuwa na tabia ya kugonga usukani kwa kidole mara mbili kabla ya kuondoka, tap tap, halafu anasema, "Mungu mbele." Bado naisikia ile tap tap. Si kila siku, lakini naisikia, na mikono yangu yote miwili iko mapajani. Siogopi. Mimi huogopa kitu kimoja tu, kwamba nikisogeza kile kiti nitakuwa nimemfukuza mume wangu kwenye gari yake. Mgongo uniume tu.

Sasa, Lemein akatupigia simu. Lemein ni mfugaji, ana Land Rover yenye umri karibu na wake, na shamba lake liko mbele ya Kajiado ukielekea upande wa Mashuuru. Akasema binti wa ndugu yake, Seleyian, amepata kazi na kampuni moja ya ng'ambo ambayo imetengeneza gari ya miaka ijayo. Ni moja tu duniani, haiuzwi, inazungushwa nchi mbalimbali watu waitazame na kupiga kelele. Kampuni inataka kuipiga picha kwenye mbuga, na kando yake wapange magari ya zamani, ndio watu waone tumetoka wapi na tunaenda wapi.

"Kwa hivyo sisi ni pambo," nikamwambia.

"Ni pambo lenye nyama choma, Mama Lennox," akasema Lemein. Hapo akanimaliza.

Jumamosi asubuhi nikatoka na Okoth, yeye na Volkswagen yake ya kijani mbele yangu. Tulipokaribia Isinya punda akaingia barabarani. Okoth alimkwepa. Mimi nikakanyaga breki, ncha ya kiatu ikateleza, nikakanyaga tena, Pijo ikasimama huku punda ananitazama kwa karibu kabisa. Okoth akarudi mbio kwa miguu.

"Mama Lennox, hicho kiti kitakuua," akasema. Huyu ni mtu mpole, ameajiriwa maisha yake yote, hapendi makelele. Siku hiyo sauti ilikuwa inatetemeka. "Au uue mtoto wa mtu. Mila ni mila, lakini Muturi mwenyewe hangetaka hivi."

"Wewe umeongea na Muturi lini?" nikamuuliza. Akarudi kwa gari yake. Hasira yangu naijua, lakini sikuwa na mahali pengine pa kuiweka.

Tukafika. Lemein akanisalimia kwa Kimaasai, "Takwenya," nikamjibu, "Iko." Seleyian akaja na suruali yake ya ofisi, akainamisha kichwa ami yake amguse, halafu mimi, halafu Okoth. Msichana mwenye adabu. Nyuma yake, katikati ya uwanda, kile kitu kilikuwa kimesimama.

Nitajaribu kuwaeleza. Ilikuwa nyeupe, weupe wa maziwa yaliyoanza kuganda. Haikuwa na madirisha, haikuwa na taa, na milango sikuiona. Magurudumu yalikuwa yamefunikwa mpaka karibu na ardhi. Okoth aliizunguka mara mbili akakosa kujua mbele ni wapi na nyuma ni wapi.

"Bonneti inafunguka upande gani?" akauliza.

"Haina bonneti, Uncle," akasema Seleyian.

"Usukani je?"

"Haina. Haina breki ya kukanyaga, haina gia. Inajiendesha."

"Kwa hivyo mtu anaingia huko kufanya nini?"

"Kukaa tu."

"Kukaa nakaa kwangu," akasema Okoth. "Tena kwangu kuna dirisha."

Tukacheka sana. Lemein akasema yeye hachinji mnyama ambaye hajui kichwa chake kiko wapi. Mimi nikauliza kama ni gari au ni friji ya kuweka maiti. Seleyian alitabasamu tu. Nadhani alikuwa ameshazoea wazee wa kila nchi kumwambia hayo.

Lakini kicheko kiliisha mapema. Mnajua upepo wa Kajiado. Tulipokuwa tumesimama tu hapo, vumbi lilikuwa limeshaingia kwenye meno, Pijo yangu imekuwa rangi ya udongo, Volkswagen hivyo hivyo. Ile nyeupe haikuwa na chembe ya vumbi. Niliangalia kwa makini. Vumbi lilikuwa linakuja likifika karibu nayo linapita kando. Na ng'ombe wa Lemein, waliokuwa wanarudi kutoka kwa maji kwa njia yao ya siku zote, walifika mahali fulani wakapinda, wote, wakaenda mzunguko mrefu. Hakuna aliyewafukuza. Lemein akawatazama mpaka wa mwisho akapita.

Mpiga picha akamwita Seleyian pembeni. Aliporudi alikuwa na haya usoni. "Wamesikia ile mila yenu ya kiganja," akasema. "Wanaomba mmoja wenu aiwekee hii gari mkono, kama baraka. Ni picha moja tu."

Lemein akakataa. Alisema hawezi kutaja jina lake juu ya kitu ambacho ng'ombe wamekikataa. Okoth akajifanya anatafuta miwani yake.

"Auntie, tafadhali," Seleyian akaniambia kwa sauti ya chini. "Wakubwa wangu wanaangalia."

Mgongo ulikuwa unawaka moto, nyama ilikuwa inaiva, na msichana alikuwa karibu kulia. "Haya, lete tumalize," nikasema, nikaenda kwa hasira, nikaweka kiganja.

Jua lilikuwa limejificha nyuma ya mawingu tangu asubuhi, na bado ile kitu ilikuwa na joto. Ilikuwa joto la shavu la mtu aliyelala. Nilishtuka. Na katika kushtuka, mdomo ukafanya kile umefanya kila safari tangu nifiwe. Kiganja kikigusa gari, mdomo unajua la kusema.

"Hii ni ya Muturi," nikasema.

Mdomo huponza kichwa. Nilisikia Okoth nyuma yangu akiita Mungu kwa Kijaluo. "Mama Lennox, umesema nini?"

Kabla sijamjibu, ubavu wa ile gari ukafunguka. Hakuna mlio, ulifunguka tu kama jicho. Ndani kulikuwa na viti viwili, vidogo, vimekaa karibu karibu. Kimoja kikaanza kwenda nyuma. Kilienda polepole, kikaenda tena, mpaka nikadhani kitatokea upande wa pili. Kikasimama. Mimi nimekaa na huo urefu wa miguu miaka yote ya ndoa na miaka yote ya mto. Sikuhitaji kupima.

"Inasoma mwili wa mtu," Seleyian akasema haraka. "Ukiigusa inajua kimo chako, inakuandalia kiti."

"Mtoto wangu, nitazame," nikamwambia. "Mimi nina miguu ya kukaa hapo?"

Akanitazama. "Labda imekosea," akasema.

Nikasikia tap tap. Ilitoka ndani, pale ambapo usukani ungekuwa kama ungekuwepo.

Sikumngoja mtu. Niligeuka nikaenda kwa Pijo yangu, nataka tu kukaa ndani na kufunga mlango. Nikaingia. Usukani ukanigonga kifuani. Mto ulikuwa umenisukuma mbele mpaka sikuweza kupumua vizuri. Nikauvuta, nikautupa kiti cha pili, nikaegemea.

Nikaegemea, na mgongo wangu ukafika. Nyayo zangu zilikuwa juu ya breki na klachi, nyayo nzima, kisigino chini. Nikainua macho kwenye kioo cha ndani, kile ambacho hunionyesha paa la gari peke yake, nikaona barabara ya shamba, nikaona vumbi, nikaona Lemein na Okoth wanakuja mbio.

Nikatoka nikiwa simba. "Nani amesogeza kiti? Nani? Nyinyi ni watu gani?" Nilimshika Okoth kola, Mungu anisamehe. "Ni wewe! Umesema tangu asubuhi!"

"Mama Lennox, nilikuwa nimesimama na wewe! Sote tulikuwa pale!"

Lemein alikuwa ameshapiga magoti mlangoni anachungulia chini ya kiti. Akaniita. Niliinama nikaona reli za kiti, nyekundu kwa kutu, na buibui amefunga utando wake kutoka reli hadi mguu wa kiti. Utando ulikuwa mzima. Haukuwa umekatika hata uzi.

"Hakuna mkono uliosogeza hiki," akasema Lemein. Akanifuta vumbi begani, jambo ambalo hajawahi kufanya. "Umetaja gari kwa jina lake, na amehama. Sijui kama kuna neno la kumrudisha. Alipotuletea mila hakutuletea hilo. Lakini mke wake ni wewe, si mimi. Nenda ujaribu, lori limekuja kuibeba."

Kweli lori lilikuwa limeshafika na vijana wanashusha chuma za kupandishia. Nilikimbia. Mwanamke wa umri wangu, na buti ninazovaa nikiuza chakula cha mifugo dukani, nilikimbia. Nilimwambia Seleyian nataka kukaa ndani kidogo. Sijui aliona nini usoni mwangu, lakini aliwainulia wale vijana mkono wasimame. Nikaingia, ubavu ukajifunga.

Upepo ukakatika. Mnajua ni lini mara ya mwisho nimekosa kusikia upepo nikiwa Kajiado? Hakukuwa na sauti yoyote, na kulikuwa na mwanga ambao haukutoka mahali. Nilikaa kwenye kile kiti kidogo. Kile kingine, kilichoenda nyuma, kilikuwa kitupu. Kisha ngozi yake ikabonyea polepole, kwanza pa kukalia, halafu pa mgongo, mpaka juu kabisa pale ambapo mabega ya mtu mrefu hufika.

Nilitaka kuomba. Badala yake nikafoka, ndivyo nilivyo. "Muturi, shuka. Unafanya nini ndani ya hii kitu? Haina usukani, haina dirisha, hata ng'ombe hutawaona wakivuka. Wanaipeleka ng'ambo, unasikia? Huko utaongea na nani Kikuyu? Shuka twende nyumbani."

Mbonyeo wa kiti haukusogea.

"Nimekuwekea kiti chako. Nimeumia kwa hicho kiti. Watu wamenicheka. Leo nusura nigonge punda kwa ajili yako, na wewe unatajwa mara moja tu unahamia kwa gari ya wenyewe?" Hapo nikaanza kulia, na niliona aibu kulia mbele yake bila leso. "Ninakuomba. Sijawahi kukuomba kitu. Shuka."

Ikalia tap tap.

Halafu akasema. Sauti haikutoka kwa spika, ilitoka pale juu ya ule mbonyeo, karibu na sikio langu, na ilikuwa na ule mkwaruzo wake wa asubuhi kabla ya chai.

"Gure," akasema. Hakuna mtu mwingine amewahi kuniita hivyo. "Kiti kinakutosha sasa?"

Ndio nikajua. Hakuwa amefukuzwa. Alikuwa amengoja mahali pa kwenda, ndio aniachie nafasi, na alikisogeza mwenyewe kabla ya kuondoka. Angekuwa hai angefanya hivyo hivyo, akiniona nateseka angeenda nyuma ya nyumba achukue spana bila kuniambia.

Nikajua pia kwamba nikisema ndiyo, ataondoka.

"Hakinitoshi," nikasema. "Kinanibana. Kirudishe."

Alikaa kimya. Katika ndoa yetu yote sikuwahi kumdanganya Muturi nikafaulu. Alikuwa ananitazama tu, anangoja, mpaka nione haya mwenyewe. Nilingoja nami. Nilikataa kuona haya. Kisha ubavu ukafunguka, upepo ukaingia na vumbi lake, na mbonyeo wa kile kiti ukabaki vile vile. Seleyian akanishika mkono akanisaidia kushuka. Lori likaibeba ile gari likaenda nayo upande wa Nairobi, na hata likiwa mbali ile nyeupe ilikuwa bado safi.

Nyama sikuila. Niliondoka nyuma ya Okoth, yeye anaenda polepole kwa ajili yangu. Hapo Isinya ng'ombe walikuwa wanavuka. Nilikanyaga breki kwa unyayo wote na Pijo ikasimama pale pale nilipotaka, kama gari ya mtu anayejua kuendesha. Nikazima injini. Niliweka mikono mapajani nikasikiliza mpaka ng'ombe wote wakapita, mpaka mchungaji akapita, mpaka waliokuwa nyuma yangu wakaanza kupiga honi na kunitukana. Sikusikia kitu. Okoth alinirudia, akafungua mlango, akasimama hapo bila kuniharakisha.

Kesho yake baada ya kanisa nilimwita nyumbani aje na nyundo na mafuta ya kulegeza kutu. Nilimwambia akirudishe kiti nyuma, pale kilipokuwa. Alivua koti yake ya Jumapili, akalala chini, akamwaga mafuta, akagonga mpaka majirani wakaja ukutani kuuliza kuna nini. Alipotoka chini ya kiti alikuwa na kutu usoni na hakutaka kunitazama.

"Mama Lennox, hii kutu ni ya miaka," akasema. "Imeshikana na chuma. Huko nyuma reli haijakwaruzwa hata kidogo. Ni kama kiti hiki hakijawahi kukaa mahali pengine."

"Gonga," nikamwambia.

Akagonga tena, maskini, mpaka mpini wa nyundo ukavunjika. Nikamchemshia chai. Ule mto nimeuweka kitandani upande wa Muturi, na Lennox akija huniambia nimepona, natembea nimenyooka kama msichana. Ni kweli. Naendesha mpaka Kajiado na kurudi, na mgongo hauniumi tena.